Saa ya Sebuleni kwa Baba Mdogo

Tulipomzika baba mdogo Ezekia huko Ndalambo, mwezi uliopita, mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu wa marehemu. Watoto wake walikuwa wameuandika siku ya kuamkia mazishi, kurasa mbili zilizochapwa dukani, wakaniambia nisome mimi kwa sababu nina sauti na kwa sababu niliishi naye. Nilisoma vizuri tu: alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alianzaje biashara ya mahindi. Nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba marehemu alipenda mno wageni na kwamba nyumba yake ya Tunduma haikujua kufunga mlango mapema. Waombolezaji wakaguna kwa kukubali, kina mama wakatikisa vichwa, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akatoa leso. Mimi nikanyamaza. Walidhani uchungu umenibana, na mchungaji akanishika bega akaninong'oneza nivute pumzi taratibu. Haukuwa uchungu. Ilikuwa hasira ya miaka zaidi ya ishirini, imenipanda mbele ya jeneza, nikawa naogopa kwamba nikifungua mdomo nitawaambia wote pale kilichokuwa kimekunjwa nyuma ya makochi ya wageni hao, yaani godoro langu.

Nilimaliza kusoma, sikutaja lolote. Niliporudi kwangu Nanyala, ambako nina duka la vipuri kando ya barabara kuu, nilimsimulia mke wangu, naye akasema maiti hasemwi, nimwache mzee apumzike. Nimemwacha. Lakini na mimi nina mwaka wangu mmoja ambao haukuandikwa kwenye kurasa zile mbili, mwaka wa kidato cha nne, na sioni kwa nini ufe pamoja naye. Nilifikaje kwake si hadithi ndefu. Mtoto wa Ndalambo aliyefaulu alipelekwa kwa ndugu mwenye nyumba Tunduma, akashukuru, basi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu na sebule. Chumba kimoja cha wenye nyumba, kimoja cha binti zao, kimoja kilijaa magunia mpaka juu, na mimi nikapewa sebule. Usinielewe vibaya, ilikuwa sebule nzuri. Kulikuwa na makochi mawili makubwa yenye vitambaa vya kufuma, meza ya kioo ambayo ilikatazwa kuwekewa sufuria, televisheni iliyofunikwa kitambaa kama mgonjwa, na juu ya mlango saa ya ukutani ya duara yenye picha ya maporomoko ya maji. Godoro langu lilikunjwa likafungwa kwa kamba ya katani, likasimamishwa nyuma ya kochi la ukutani. Sheria hakuna aliyenisomea, nilizijua tu kama kila mtoto wa kwetu anavyozijua: huwezi kutandika godoro miguuni pa watu wazima waliokaa. Unakaa. Unaagizwa maji, unaleta. Unaagizwa chai, unaleta. Mgeni akinyanyuka, unachukua tochi unamsindikiza mpaka barabarani, maana kumwacha mgeni atoke peke yake ni kumtukana. Ukirudi ndipo unatandika. Kwa hiyo saa yangu ya kulala haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu wa mwisho kuchoka kuongea.

Na watu wale hawakuchoka. Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka kwenda Nakonde, hatua chache tu, watu wale wale wa Kinamwanga, mashamba yale yale, unakuta saa nne ya kwetu kwao bado ni saa tatu. Ndiyo maana hata leo ukimwuliza mtu wa Tunduma saa ngapi, anaweza kukuuliza kwanza saa za wapi. Wateja wakubwa wa baba mdogo walikuwa wa upande ule, na yeye aliamua zamani kuishi kwa saa za upande ule. Saa ya sebuleni ilifuata Zambia. Chakula kilifuata Zambia, usingizi ulifuata Zambia. Saa za Tanzania aliziita saa za serikali, kwa sauti ya mtu anayetaja ushuru. Shule yangu, bahati mbaya, ilikuwa ya serikali. Kengele ya mstarini ililia kwa saa za Tanzania, na ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani. Kila siku nilikuwa nalala kwa saa za nchi moja na kuamka kwa saa za nchi nyingine, na katikati ya nchi hizo mbili saa moja ya usingizi wangu ilipotea, jioni baada ya jioni, na hakuna aliyeona kama imepotea.

Ugali uliiva saa tatu za ukutani, yaani saa nne. Tulikula na dagaa wa kapenta wa kukaanga na majani ya maboga, baba mdogo na wageni wake mezani, mimi na binti zake mkekani. Mgeni mkuu alikuwa Bwana Sichone, mnunuzi wa mahindi mwenye nyumba upande wa pili, mtu mnene, mcheshi, aliyevaa saa ya mkononi iliyokuwa imesimama siku nyingi. Alikuja karibu kila jioni. Hadithi zake nazijua mpaka leo: namna alivyomzungusha ofisa wa forodha, namna dereva wake alivyolala kwenye usukani akaamkia shambani mwa padri, namna mahindi ya Msangano yalivyo mazito kuliko ya kwingine kote. Ile ya dereva aliyelala aliisimulia zaidi ya zote, na kila mara walicheka mpaka machozi, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda pembeni ya mlango, kichwa kinadondoka kama cha kuku mgonjwa, nikimwonea dereva yule wivu. Akitazama saa, Sichone alisema, "Aa, bado mapema," na kweli kwake ilikuwa mapema. Niliwachukia. Sisemi walinikera, nasema niliwachukia, kicheko kimoja kimoja, kikombe kimoja kimoja cha chai.

Shuleni waliniita Mlinzi. Jina lilianza kwa kijana mmoja wa dawati la nyuma, likashika, mpaka wa kidato cha kwanza wakawa wananiamkia, "Shikamoo, Mlinzi." Nililala kwenye hesabu, nikalala kwenye historia, siku moja nililala nimesimama mstarini wimbo wa taifa unaimbwa. Mwalimu wa nidhamu hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alikuwa na fimbo na alikuwa na maelezo yake tayari: vijana wa mpakani wanazurura usiku, wanatazama video, wanavusha magendo. Alinichapa kwa mambo ambayo sikuwa na nguvu ya kuyafanya hata kama ningetaka. Ninapokutana naye sasa, na tunakutana, maana hununua vipuri vya pikipiki yake dukani kwangu, ananiita kijana wangu na kuniambia walichapa ili tuwe watu. Namwuzia. Sijawahi kumpunguzia bei hata mara moja.

Mtu pekee aliyeuliza alikuwa Madam Kibona, mwalimu wetu wa baiolojia, msichana bado, ametoka Ileje na cheti chake cha chuo mkononi. Aligundua kitu ambacho wengine hawakukiona: majaribio aliyotupa kipindi cha kwanza nilipata alama za juu kabisa, ya mchana nilipata sufuri au nilikuwa nimelala. Alinibakiza darasani akaniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia saa sita, siku nyingine na nusu. Akaniuliza nataka kuwa nini. Nikamwambia tabibu, na hakucheka. Alichukua karatasi ya manila akaikata, akanipigia mistari kwa rula: kulala saa tatu usiku, kuamka saa kumi alfajiri, kusoma mpaka saa kumi na mbili, kutoka. Akasema kichwa changu ni cha alfajiri, nisikilazimishe kuwa cha usiku, na kwamba baiolojia ndiyo mlango wa kozi ya tabibu, bila hiyo hawaniangalii hata usoni. Kwa miezi minane iliyobaki, alisema, kazi yangu kubwa si kusoma sana. Ni kulala mapema. Nilitoka na karatasi ile nimeikunja ndani ya daftari nikiwa na furaha ya kijinga, kana kwamba usingizi ni kitu ambacho mtu anaamua mwenyewe.

Nilijaribu kila njia. Nilijaribu kulala jioni nikitoka shule, lakini jioni ni wakati wa kuchota maji na kupepeta mahindi, na mama mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mikono miwili tu. Nilijaribu kulala nimekaa kwenye kigoda changu, nikamwagia Sichone chai ya moto mapajani. Mwezi wa sita nilihamisha godoro kimyakimya nikalitandaza juu ya magunia katika chumba cha mahindi, nikalala kama mfalme kwa muda wa saa mbili, mpaka baba mdogo alipofungua mlango akanikuta. Alinivuta nje kwa mkono mmoja kama gunia tupu, akanipiga kofi, kisha akaufunga mlango ule kwa ufunguo. Magunia yalikuwa yametiwa dawa ya vidonge siku ile, dawa inayoua panya na wadudu na watoto wasiojua. Alikuwa ameniokoa, na hilo nalisema, kwa sababu nikilificha nitakuwa muongo kama karatasi ya wasifu. Lakini usiku ule ule, baada ya kuniokoa, alinirudisha sebuleni nikasubiri wageni waondoke.

Basi nikaamua kumwambia. Nilichagua Jumapili baada ya ibada, ameshiba, anachokonoa meno kibarazani. Nilipiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, nikamwonyesha karatasi ya Madam Kibona, nikamweleza habari ya kichwa cha alfajiri na kozi ya tabibu. Nikaomba jambo moja tu, kwamba wageni wakae kibarazani, au mimi niruhusiwe kutandika kwenye kona kuanzia saa tatu, nitawapa mgongo, sitawasumbua. Aliishika karatasi akaisoma yote, polepole, na kwa muda nilidhani amenielewa.

"Saa tatu za wapi?" akauliza.

"Za Tanzania, baba mdogo."

"Yaani saa mbili." Akaikunja akanirudishia. "Unataka Sichone aje kwangu, akute sebule yangu imelaliwa saa mbili, kama wodi? Mahindi yake ndiyo yanayokusomesha, mwanangu. Wakati wa kulala utakuja ukiwa na nyumba yako."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali labda ningepata nafuu. Jioni ile aliwasimulia wageni, nikiwa nimesimama pale na birika, kwamba nina mwalimu wa kike anayefundisha usingizi. Walicheka vizuri sana. Sichone alinipa pole kwa Kibemba na kunigonga goti, na mimi nikatabasamu, na tabasamu lile ndilo linaloniuma kuliko kofi. Nimetabasamu hivyo mara nyingi tangu siku ile, mbele ya watu wengi, na kila mara najiuliza nilimtabasamia nani.

Wazo la saa lilinijia mwezi wa kumi, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namtazama Sichone anavyotazama ukuta. Hakutazama mahali pengine. Hakuna aliyetazama mahali pengine. Saa ya mkononi ya Sichone ilikuwa mfu, na baba mdogo alizizima simu zake mbili, moja ya kila nchi, kila magharibi, kwa sababu mchana kutwa zilikuwa zimemlia kichwani. Nyumba nzima iliendeshwa na duara lile lenye maporomoko ya maji. Kesho yake, giza linaingia, mama mdogo yuko jikoni nje na baba mdogo hajarudi kutoka ghalani, nilipanda juu ya kochi, nikaishusha saa, nikaizungusha mbele saa moja, nikaitundika. Ilikuwa inaonyesha saa za Tanzania sasa, yaani uongo wangu ulikuwa saa halali ya nchi yangu. Wageni walipokuja walikuta muda umekwenda, chakula kikaharakishwa, na mishale ilipofika pale walipozoea kuagia, wakaaga. Wa Tunduma miongoni mwao ndio waliokimbia zaidi, kwa sababu kwa mazoea waliongeza saa moja kichwani. Nilimsindikiza Sichone na tochi akishangaa jinsi mazungumzo matamu yanavyokula muda. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, niliirudisha.

Jioni iliyofuata nilithubutu zaidi, nikaisogeza mbele kupita hata saa za Tanzania, chakula nacho kikatangulia, na wageni wakishaondoka naiweka kwenye saa za Tanzania mpaka alfajiri, nikaendelea hivyo kwa wiki mbili na siku kadhaa. Sikupata saa tatu ya Madam Kibona kila siku, lakini nilipata saa tatu na nusu, saa tatu na robo, na nililala usingizi wa pono. Sitaki kupita haraka hapa, maana katika mwaka wote ule furaha yangu ndiyo hiyo. Saa kumi alfajiri macho yalifunguka yenyewe, bila kuamshwa, na kichwa kilikuwa chepesi, kitupu, kinasubiri kujazwa. Niliwasha taa ya sebuleni, nikakaa kwenye kochi la Sichone, lililobonyea kwa umbo lake, nikasoma moyo, figo, mfumo wa fahamu, na vyote vilibaki mahali nilipoviweka. Darasani nilinyoosha mkono. Kijana wa dawati la nyuma akasema Mlinzi amestaafu. Siku moja Madam Kibona, alipokuwa anarudisha madaftari, aliweka langu juu ya meza yangu na kulipigapiga mara mbili kwa kiganja.

Mtihani ulianza. Karatasi za kwanza nilizifanya nikiwa macho, nikatoka nikijua nilichoandika. Baiolojia ilipangwa asubuhi, wiki ya pili, saa mbili kamili. Mama mdogo alikuwa amekwenda Msangano kwa mama yake tangu Jumapili na binti zake, kwa hiyo nyumbani tulibaki wanaume wawili. Usiku wa kuamkia siku ile wageni waliondoka vizuri, nikatandika, na nilipolala saa ya ukutani ilisema saa tatu. Ilikuwa saa tatu kweli, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na nakumbuka niliwaza kwamba Madam Kibona angefurahi.

Macho yalifunguka giza bado. Nikawasha taa, nikatazama ukutani: saa tisa. Nikafurahi mno. Nilidhani hamu ya mtihani ndiyo imeniamsha mapema, nimejaliwa saa nzima ya ziada. Mwili wangu ulikuwa umeamka saa kumi kama ulivyofundishwa, mwili ulikuwa sawasawa, lakini mimi sikuuamini, niliuamini ukuta. Nikaiacha saa ilivyo niwe naitazama, nikasema nitairudisha nikitoka. Mvua ya Novemba ilikuwa inapiga bati, mapazia mazito yamefungwa, nikasoma kwa utulivu ambao sijawahi kuupata tena. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika arobaini nilivaa sare, nikapanda kwenye kochi, nikaishusha saa na kuirudisha nyuma kama kawaida, nikatoka.

Nje kulikuwa na mwanga kuliko nilivyotarajia. Nikasema ni kwa sababu mvua imekatika. Nikatembea, nimekunja suruali, naruka madimbwi, na njia nzima nikawa najitajia sehemu za figo. Nilifika nusu ya safari ndipo nikaona kwamba sijaona sare hata moja. Pale kwenye njia panda kulikuwa na mama anayeuza maandazi kila asubuhi kwa wanafunzi, na siku ile alikuwa anafunika ndoo tupu, anajitwisha kurudi. Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Wewe si wa mtihani? Wenzako wamepita zamani."

Nikamwuliza saa ngapi. Akasema saa mbili imeshapita. Nikamwuliza za wapi, akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akasema, "Za hapa hapa."

Nilikimbia. Nilianguka mara moja kwenye tope, nikapoteza kalamu moja, nikainuka. Kanuni ya mtihani kila mtahiniwa aliijua: nusu saa ikipita, mlango hauingiliki. Nilifika getini askari akanisimamisha, msimamizi akaja, mwalimu wa kutoka shule nyingine ambaye hakunijua, akatazama saa yake akaniambia muda umepita kwa dakika saba. Nikamwomba. Nikapiga magoti kwenye kokoto, kwa kweli. Akasema samahani, si yeye aliyetunga kanuni, na sauti yake ilikuwa ya huruma, na mimi huruma za siku ile zote nilitaka kuzitemea mate. Kupitia madirisha niliona vichwa vya wenzangu vimeinama. Madam Kibona alikuwa amesimama mbali, karibu na ofisi, kwa sababu walimu wa shule hawakuruhusiwa kusogelea. Nilipopita akanifuata mpaka nyuma ya matangi ya maji.

"Jana ulilala saa ngapi?" akauliza. Alikuwa anajaribu kutolia.

"Saa tatu, Madam."

Ratiba yake niliifuata yote.

Baba mdogo nilimkuta kibarazani anapiga mswaki. Nilisimama mbele yake na tope langu, nikamwambia nimekosa mtihani, na kabla sijamaliza nikaona anaelewa, uso wake ukashuka. Alinieleza mwenyewe, sikumwuliza. Usiku ule alikuwa ameacha simu ya Zambia imewashwa akisubiri habari za lori lake. Ikalia wakati mimi nimeshalala. Alipoitazama akaona saa mbili, akatokea sebuleni akaona ukuta unasema saa tatu, na akakumbuka wiki mbili za wageni kuaga mapema. Akajua. Alipanda juu ya kochi, polepole, juu ya kichwa changu, akairudisha saa nyuma kwenye saa za Zambia.

"Kwa nini hukuniamsha?" Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumpandishia sauti. "Kwa nini hukunipiga? Ungenipiga ningejua."

"Nilitaka kukuamsha," alisema. "Nikakuona umelala vile. Nikakuhurumia."

Nimeigeuza sentensi hiyo kwa miaka yote hii, na kila upande inanichoma. Mwaka mzima hakuwa na huruma na usingizi wangu, na siku aliyoipata alipanda kochi kwa tahadhari asiniguse, akaniharibia maisha akiwa ananyata. Kama angekuwa mkatili ningemchukia nikamaliza. Matokeo yalipotoka, kwenye mstari wangu, mahali pa baiolojia palikuwa na X, alama ya asiyekuwepo. Nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea baada ya miaka miwili, nimeshaanza kubeba vipuri vya watu, nikapata alama ya kufaulu kwa jina tu, na kozi ya tabibu haikuniangalia usoni.

Lakini X ilikuwa bado mbele. Siku ile ile ya baiolojia zilikuwa zimebaki karatasi tatu, na jioni, Sichone alipobisha hodi na kicheko chake, baba mdogo alimpokea mlangoni. Niliwasikia wakinong'ona. Sichone hakuingia. Aliondoka peke yake gizani, bila tochi, bila kusindikizwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile. Baba mdogo akaingia, akasogeza meza ya kioo, akalitoa godoro langu nyuma ya kochi, akalifungua kamba na kulitandika mwenyewe, akaupigapiga mto. Ilikuwa saa mbili usiku, saa za Tanzania. Akazima taa, akaenda chumbani kwake akitembea kwa ncha za vidole, na nikasikia kitanda chake kikilia alipojilaza, yeye ambaye kwa hiari yake hakuwahi kulala kabla ya saa sita.

Alifanya hivyo jioni zote zilizobaki mpaka karatasi ya mwisho. Sebule ikawa yangu, kimya kabisa, kuanzia saa mbili. Nami nilijilaza chali na meno yameumana, namsikiliza upande wa pili wa ukuta anavyojizuia kukohoa asije akaniamsha, na sikupata hata lepe la usingizi.